Kwa mkunga mpya: mtoto akizaliwa chini ya gramu 2500

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodi ya wazazi, mzani ukisoma chini ya gramu 2500, msiandike "uzito pungufu" mkaishia hapo. Je, mtoto kazaliwa kabla ya wiki 37, au katimiza siku zake ila hakukua vizuri tumboni? Wengine wana yote mawili. Chanzo mara nyingi kilikwishaandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi kadhaa nyuma, kikapitwa.

Mimi nikiwa kliniki huanza na malaria. Vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, chakula na hewa vikampungukia mtoto, na mama asihisi homa hata kidogo. Kwa hiyo usimsubiri augue. SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, hutolewa kuanzia wiki ya 13, kila baada ya mwezi, na aimeze mbele yako. Ukimfungia aende nayo nyumbani, huna hakika tena. Anayetumia kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi, kwa sababu ya VVU hapewi SP. Na usichanganye SP na asidi ya foliki ya miligramu 5, maana huipunguzia nguvu. Ile ya miligramu 0.4 haina shida.

Kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ni upungufu wa damu, hata kama mama anatembea na kucheka. Angalia pia presha, kaswende, maambukizi ya mkojo, mapacha, mimba iliyofuata upesi baada ya uzazi uliopita, sigara na pombe. Binti mdogo aliyechelewa kuanza kliniki usimkaripie. Ukimkaripia harudi, na ndiye unayemhitaji zaidi.

Kuna kipimo tunachokidharau: utepe. Kuanzia wiki ya 24, kimo cha mimba, yaani kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba, kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Kikiwa nyuma kwa zaidi ya sentimita 3, hakikisha tarehe zake, kisha mpeleke altrasaundi.

Mtoto mwenyewe mpime ndani ya saa ya kwanza, mzani ukiwa kwenye sifuri, na uandike namba uliyoiona. Ukimwandikia 2500 aliye na 2450, umemtoa kwenye orodha ya wanaofuatiliwa, na mama yake ataruhusiwa kwenda nyumbani bila kufundishwa kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi.