Ukuta ulisimama, maji yakatuingia kwa nyuma

Ndugu uliyeuliza kwa nini usijengwe ukuta mrefu kando ya mto Nairobi na mto Mathare tupumzike na mafuriko: swali hilo nililiuliza hata mimi. Nimekaa Mathare miaka sita, hatua chache kutoka mtaro unaomwaga maji mtoni.

Baada ya mvua za 2018 mwenye ploti wetu alijenga ukuta wa mawe upande wa mto. Kazi safi, sikatai. Mwisho wa Aprili 2024 mto ulipofurika usiku, halikung'oka hata jiwe moja. Nilikuwa nje na tochi, najisifu kwamba nilichagua ploti nzuri. Kisha nikamulika mtaro. Chupa za plastiki, ambazo siku zote huenda mtoni mbio, zilikuwa zimetulia. Zikazunguka kidogo, halafu zikaanza kurudi, zinapanda kuja kwetu pamoja na kandambili moja ya mtoto.

Mto ulikuwa umepita kimo cha mtaro, basi mtaro haukuwa na pa kumwaga, na mvua bado inapiga mabati. Maji yakaingia kwa mlango wa nyuma. Asubuhi mto umeshashuka, sisi bado tumo ndani ya beseni, kwa sababu ukuta uleule sasa unazuia maji yasitoke. Vijana waliutoboa kwa nyundo.

Mito mikubwa hufanya hivyohivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Mto Mississippi wa Marekani mwaka 1927 ulikuwa umezungushiwa matuta ya udongo peke yake kando yake, maana wahandisi waliamini matuta yanatosha. Mto ulipojaa, vijito vyake kama Yazoo na White vilikosa njia, maji yakarudi nyuma na kutapakaa mashambani. Huko chini, ili kuuokoa mji wa New Orleans, tuta lililipuliwa kwa baruti pale Caernarvon, wakazi wa maeneo jirani ya St. Bernard na Plaquemines wakapoteza makwao. Baada ya hapo ndipo walipokubali kuuachia mto nafasi: mlango wa Bonnet Carré, uliokamilika 1931, hufunguliwa maji yakizidi ili yaende ziwa Pontchartrain.

Wengine humu mnasema bwawa. Sawa, tazameni mto Tana. Bwawa la umeme la Masinga, lililokamilika 1981, linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5, na bado watu wa Garissa, huko chini ya mto, wanahama kwa mitumbwi. Bwawa la umeme linatakiwa lijae. Bwawa la kuzuia mafuriko linatakiwa liwe na nafasi. Huwezi kulitaka lifanye yote mawili mwezi wa tano. Halafu mito ya Mutonga na Kathita, kutoka upande wa Meru, inaingia Tana chini ya Kiambere, yaani baada ya bwawa la mwisho. Hiyo hakuna anayeishika.

Kwetu Nairobi kuna jambo jingine: mvua ya Kikuyu na Limuru, huko juu, hutufikia baadaye kupitia mtoni. Unaweza kuanika nguo juani huku mto unapanda.

Kwa hiyo ukuta si upuuzi, lakini kila mtaro unaopita chini yake unahitaji kifuniko cha chuma kinachofunguka kuelekea mtoni tu, na pampu ya kutoa maji ya ndani kikishajifunga. Na mtu wa kutoa takataka hapo, maana gunia moja likikwama kifuniko hakifungi. Hii kazi ya mwisho ndiyo ngumu, haina sherehe ya uzinduzi.

Siku hizi naishi juu kidogo. Kama unatafuta nyumba bondeni, usiangalie mto peke yake, fuata mtaro unakoishia. Na ukiona ukuta wa ndani umepakwa rangi mpya mpaka kiunoni tu, usilipe diposti kabla ya kumuuliza mama wa mboga wa mlangoni.