Maswali ya Wasomaji: Tangi Lililotoka Stoo

Wiki hii karibu kila anayeuliza juu ya samaki wa mapambo anataka kuanza "tena". Sijaona hata mmoja anayesema wale wa kwanza walikufa na nini.

Tangi langu la kioo limekaa stoo miaka mitatu. Nianzie wapi kulirudisha? (Gungu, Kigoma)

Anzia uani. Liweke mahali palipo sawa, tandika sponji jembamba chini yake, lijaze maji na uliache siku mbili. Pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kona. Ikilowa, silikoni imechoka, mwite fundi vioo. Ule ukoko mweupe kwenye kioo unatoka kwa siki. Sabuni usiiguse, hata hiyo "kidogo tu".

Kabla ya kuliingiza ndani piga hesabu: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, hizo ndizo lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54, yaani kilo 54 za maji matupu, kioo na mchanga bado. Langu la kwanza nililipandisha juu ya meza ya televisheni. Mguu mmoja ulisalimu amri saa nane za usiku, na zulia lilinuka mpaka tulipolitupa.

Changarawe za zamani zinafaa, zisuuze tu. Ila bakteria wanaosafisha maji waliokuwamo walikufa zilipokauka. Tangi lililokauka ni tangi jipya, hata kama kioo unakifahamu.

Nilijaza maji Jumamosi asubuhi, jioni nikaweka samaki sita. Jumatano wamebaki wawili, wanahemea juu. Duka limeniuzia wagonjwa? (Mwanga, Kigoma)

Swali hili nalijibu kila msimu, na kila msimu duka linalaumiwa. Samaki wako wameuawa na kinyesi chao. Kinyesi na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia isipozidi. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye chujio. Wewe uliwapa saa nane.

Na sisi wa Kigoma tuna adhabu ya ziada. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, inayokaribia 9. Kwenye maji ya pH 7, kwa joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kosa ambalo mtu wa kwingine anasamehewa, hapa linazika.

Hao wawili wabadilishie robo ya maji kila siku, na chakula kidogo sana. Utakayeanza upya, washa chujio bila samaki, tia chembe ya dagaa waliotwangwa kila baada ya siku mbili, subiri. Mwenye rafiki aliye na tangi zima amwombe kipande cha sponji chenye uchafu wake. Hapo muda unapungua sana. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Na sponji ya chujio inasuuzwa kwa maji yaliyotoka tangini, kamwe si chini ya bomba.

Hita ni lazima? (Ujiji)

Kwa Ujiji? Hapana.

Samaki wa dhahabu kwenye bakuli la duara mezani? (Mwandiga)

Weka maua.

Umeme ukikatika usiku? (Kibirizi)

Usiwalishe. Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, yachukue hewa. Pampu ndogo ya betri ni bora zaidi. Chujio likizimika saa nyingi, lisafishe kabla ya kuliwasha, maana maji yaliyolala ndani yameoza. Mwenye samaki wachache hulala usingizi. Aliyejaza tangi kama daladala ndiye anayekesha na kikombe.

Navuna maji ya mvua. Nifugie samaki wa Tanganyika? (Tabora)

Yakiwa peke yake, hapana. Mvua haina madini, na pH yake inayumba kwa kitu kidogo. Samaki hawa wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi. Changanya na ya bomba, tandaza mchanga wa magamba yaliyosagwa, na upime pH kabla samaki hajaingia. Chokaa ya kupaka ukutani usithubutu.

Naokota makombe ya konokono ufukweni. Yanafaa? (Katonga)

Sana. Tanganyika ina samaki wadogo wanaoishi na kuzaa ndani ya makombe matupu. Jike anatokeza macho tu mlangoni, ukisogeza kidole anatoweka. Kwangu huyo ana thamani kuliko samaki yeyote wa kuletwa kwa ndege. Chemsha makombe kwanza. Konokono hai waache walipo, wengine hubeba kichocho. Na kabla ya kuvua samaki mwenyewe, pita ofisi ya uvuvi uulize leseni.

Nimechoka nao. Niwamwage ziwani? (Bangwe)

Usijaribu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa kule hazionekani tena. Sisi tuna aina zaidi ya 200 zisizopatikana popote nje ya ziwa letu, na samaki wa duka anaweza kuwa na maradhi usiyoyaona. Hata aliyetoka humu humu ziwani, akishakaa na wageni, asirudi. Rudisha dukani au mpe jirani. Maji yaliyobaki mwagia mchicha.