Tuko wanne, nani atatulaza bure?

Swali: Shikamoo anti. Sisi ni marafiki wanne, tumejichanga tiketi za kwenda Ulaya ila hela ya hoteli ndo hamna kabisa. Mwenzetu mmoja anasema kuna watu wanakaribisha wageni wasiowajua, bure, basi tukajiunga na mtandao mmoja tukamwaga meseji kwa kila mtu tuliyemwona. Wawili tu wamejibu, wote wanasema nafasi hamna. Hii kitu ipo kweli au tunapigwa?

Jibu: Marahaba wanangu. Ipo, tena ilikuwepo kabla ya intaneti. Servas, chama cha watu wanaolazana bure, ilianza Denmark mwaka 1949, vita kuu ya pili imetoka kuisha, watu wa amani wakaona mtu akishalala kwako na mkakaa meza moja itakuwa ngumu kumchukia, na mpaka leo wao hawapokei tu yeyote, wanakuhoji kwanza ndo upewe barua ya utambulisho, na kawaida mwenyeji anakulaza siku mbili (ya tatu mnaijua wenyewe, jembe). Couchsurfing ilikuja 2004 ikavuma kuliko zote, 2011 ikageuzwa kampuni ya biashara, 2020 ikaanza kutoza wanachama ada na wengi wakakasirika wakahama. BeWelcome na Trustroots bado ni bure, zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Mkiwa mnasafiri kwa baiskeli kuna Warmshowers. Kuna hata Pasporta Servo ya wanaoongea Kiesperanto, ile lugha iliyobuniwa, lakini hapo sharti uwe unakijua, kwa hiyo tuiache.

Sasa shida yenu ni hilo neno “wanne”. Mwenyeji wa kawaida ana kochi moja sebuleni na choo kimoja, na asubuhi anawahi kazini. Wanne na mabegi yao ni msafara huo! Na hata mwenye nyumba kubwa anajua kitakachotokea, yaani mtafika mtaongea wenyewe kwa wenyewe lugha yenu mcheke mambo yenu, yeye kazi yake iwe kuonyesha swichi ya taa iko wapi na kusubiri muondoke. Huyu mtu hapati hata senti, anachotaka ni stori za mtu aliyetoka mbali, sasa mkimnyima hizo mnakuwa mmemgeuza hoteli, na hoteli isiyolipwa.

Gawanyikeni wawili wawili. Mchana mnazunguka wote, jioni kila pea inarudi kwa mwenyeji wake. Najua mtasema raha ya safari ni kuwa pamoja, sawa, lakini wawili wanapata mlango kirahisi kuliko wanne, na wakiwa wawili wanalazimika kuongea na mwenye nyumba.

Halafu acheni hiyo meseji ya kukopi na kupesti, inajulikana toka mstari wa kwanza. Kuna wenyeji wanaficha neno katikati ya profaili yao, wanaandika ukiniomba nafasi taja neno fulani, usipolitaja wanajua hukusoma na ombi linafutwa palepale. Soma profaili ya mtu mpaka chini, mwambie kwanini yeye na sio jirani yake, taja tarehe, mnafika saa ngapi, mko wangapi na mnaondoka lini. Na msing’ang’anie miji mikubwa tu, mwenyeji wa Paris maombi yanamfurika, wa mji mdogo usiojulikana anaweza akafurahi kwamba kuna mtu amemkumbuka.

Swali: Ubalozi wanataka uthibitisho wa malazi. Naweza kuandika anwani ya mwenyeji niliyempata mtandaoni?

Jibu: Ndugu yangu, hapa wengi wanajichanganya. Kwa viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, ukisema unafikia kwa mtu, nchi nyingi zinataka karatasi rasmi kutoka kwake, meseji za simu hazitoshi. Ufaransa mwenyeji anaenda ofisi ya mji wake kuomba attestation d’accueil, yaani hati ya kumpokea mgeni, anapeleka vielelezo vya nyumba na kipato na analipia. Ujerumani anaweza kutakiwa kusaini kwamba gharama zako atazibeba yeye. Unamwombaje mtu hilo na hamjawahi kuonana? Mimi ningepanga hosteli za bei ya chini kwenye safari ninayoiombea viza, wenyeji niwaweke siku ambazo nina uhakika nao na karatasi wamekubali wenyewe kutoa. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Na kudanganya usijaribu, hata mpakani wanaweza kukuuliza unalala wapi.

Italia nayo, anayemlaza mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 48, kwahiyo mwenyeji akiomba kopi ya pasipoti yako asikushtue. Kopi lakini, pasipoti yenyewe ibaki kwako.

Na wale wa kubadilishana kazi na malazi, kama WWOOF ya mashambani iliyoanza Uingereza 1971, angalieni viza kwanza manake kuna nchi zinahesabu hiyo ni kazi hata kama hukulipwa, na viza ya utalii hairuhusu kazi.

Swali: Anti mimi ni binti, tutakuwa wawili na rafiki yangu. Wawili si tuko salama?

Jibu: Wawili ni afadhali mwanangu, ila usilale usingizi kwa sababu hiyo. Soma maoni ya wageni waliopita, hasa ya wanawake, na hasa yale ya baridi, mtu anayeandika “alikuwa sawa tu” mara nyingi kuna kitu amekimeza. Mwanaume ambaye wageni wake wote ni mabinti wadogo, pita mbali. Kutaneni naye kwanza mahali penye watu, mchana. Muwe na anwani ya hosteli ya jirani na hela ya usiku mmoja ambayo haiguswi, manake asiye na pa kwenda ndo anavumilia ya kuvumilia. Mtu wa nyumbani awe na jina na anwani ya mlikofikia. Moyo ukikataa ondokeni, hata kama ni saa nne usiku na ameshawatandikia, heshima mtamtumia kwa meseji mkiwa mbali.

Swali: Mwenyeji tumlipe chochote?

Jibu: Hela hapana, wengi wanakwazika na mitandao mingine imekataza kabisa. Pikeni jioni moja, oshe­ni vyombo, kochi lirudi lilivyokuwa. Na mkishaondoka mwandikieni maoni mazuri kwenye profaili yake.