Vigelegele na Mlio wa Bundi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika harusi ya binti wa kaka yangu hapa Mpwapwa, mgeni mmoja aliandika kwa Kiingereza kwamba akina mama waliitikia kwa "ululation". Nilipofungua kamusi nilikuta neno hilo likielezwa kuwa ni mlio mrefu wa mbwa mwitu, na pia maombolezo. Je, alitudhihaki? Na neno hilo lina asili gani?
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Ndugu msomaji, hakuwadhihaki, kwa sababu hilo ndilo neno ambalo Waingereza hutumia wanapotaja vigelegele. Wamelipata katika Kilatini, ambamo kitenzi "ululare" kilimaanisha kulia kwa sauti kubwa ya kuvutwa, na jamaa yake "ulula" lilikuwa jina la aina ya bundi (ndege ambaye wengi wetu tusingependa kumsikia usiku wa harusi). Hata hivyo, asili yenyewe ni tanakali ya sauti: ulimi unachezeshwa haraka kinywani huku sauti ikipandishwa, na kinachosikika ni hicho hicho "ulu-ulu". Ndiyo maana Wagiriki wa kale walikuwa na "ololyzo" kwa ukelele wa wanawake wakati wa kutoa sadaka, na wanawake wa Bengal, eneo lililo India na Bangladesh, hadi leo hupiga "ulu" harusini.

Kwa kuwa neno liliiga sauti tu, halikuchagua kati ya furaha na msiba. Mshairi wa Roma, Virgil, anapomsimulia Malkia Dido wa Karthago, analitumia pale malkia huyo anapoungana pangoni na mpenzi wake, shujaa Aeneas, kisha analirudia wanawake wanapomlilia baada ya kujiua. Wafaransa nao walirithi "hurler" kutoka shina hilo, lakini kwao limebaki kuwa kupiga mayowe, wala hakuna bibi harusi atakayelifurahia.

Kiswahili kimegawanya mambo kwa namna nyingine, na kwa maoni yangu kimefanya vyema zaidi. Anayepiga kigelegele amefurahi, anayepiga ukunga anaomba msaada, na aliyefiwa anaomboleza, hata kama mtu aliye mbali hawezi kutofautisha sauti zao. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na neno hilo la Kiingereza hana budi kuuliza kwanza ni shughuli gani iliyokuwa ikiendelea. Kwenu ilikuwa harusi. Andika "vigelegele", na mbwa mwitu umwache katika kamusi.