Gambuti Moja la Kushoto: Kwa Anayekwenda Kuiona Bendi Yake Kwenye Matope

Juzi kijana mmoja kaniandikia kutoka Coventry. Kwao Morogoro, yuko mwaka wa pili chuoni, na amepata tiketi ya tamasha la kiangazi ambako itapiga bendi anayoipenda tangu kidato cha 3. “Shikamoo dada. Wenzangu wa darasani wananitisha na habari za matope. Nibebe nini? Halafu kuna rafiki zangu wawili wanasema tutakwenda wote, ingawa bendi yenyewe hawaijui. Niende nao?”

Swali la kwanza nilimjibu palepale kwa neno moja: magambuti. La pili limeninyima usingizi siku mbili, maana limegusa jambo ambalo nilidhani limeshapoa.

Basi mdogo wangu, kaa nikusimulie.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha 5, Arusha. Kaka yangu alikuwa anashinda kwenye kafe ya intaneti, na siku moja akarudi na CD ya kuchoma ambayo juu yake kaandika kwa maka peni: MUZE. Nikadhani alitaka kuandika “mzee” akapitiwa. Nikaiweka kwenye redio ya mama sebuleni. Nyumba yetu ilikuwa ya kwaya na Bongo Fleva, basi. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani analia humo ndani. Aliyekuwa analia ni Matt Bellamy, mwimbaji wa Muse, na mimi nilikuwa nimeshakwisha habari yangu. Hao Muse, ndio MUZE wa kaka, ni bendi ya roki ya watu watatu tu: yeye, Chris Wolstenholme kwenye besi na Dominic Howard kwenye ngoma, vijana waliokulia Teignmouth, mji mdogo wa pwani kule Devon, lakini ukifumba macho utasema wako kumi.

Niliwapenda peke yangu, na kwa hilo nilipewa majina. Binamu yangu mpaka leo ananiita Mzungu wa Unga Limited, yule mtaa wa Arusha. Kwa hiyo asije mtu akanifundisha maana ya kupenda muziki ambao wenzako wanaona ni makelele. Mimi nina miaka yangu kazini.

Namna nilivyofika Uingereza naruka. Ni makaratasi, baridi na shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee hapa Bristol, na nyie wenye shifti hizo hamhitaji kusimuliwa.

Oktoba 2015 nikapata tiketi ya tamasha la Glastonbury. Kwa asiyejua, Glastonbury ni shamba la ng'ombe wa maziwa. Sifanyi utani. Linaitwa Worthy Farm, liko kijiji cha Pilton, Somerset, na mwenye shamba, Michael Eavis, alianza mambo haya mwaka 1970 kwa kiingilio cha pauni 1, na maziwa ya bure juu. Hadi kufika zamu yangu kiingilio kilikuwa pauni 228, na nyingine 5 za huduma, zaidi ya laki 7 za kwetu kwa wakati ule. Unajisajili kwanza na picha yako, sura inachapwa kwenye tiketi, huwezi kumpa hata mdogo wako. Na unanunua kabla hujajua nani atapiga! Tiketi zikaisha kabla saa moja haijapita. Baadaye ndipo ikatangazwa kwamba Muse watafunga usiku wa Ijumaa, yaani watapanda wa mwisho, kwenye jukwaa kuu, Jukwaa la Piramidi. Niliisoma habari hiyo nikiwa chumba cha dawa, nikakaa chini sakafuni. Walishafunga Jumapili ya 2004 na Jumamosi ya 2010, na sasa wangekuwa bendi ya kwanza kufunga siku zote tatu za tamasha lile. Mimi kwenye historia! Na tiketi ya halali.

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na shoga yangu mmoja, jina namsitiri. Tulikuwa kazi moja, tunakula sahani moja, tunasukana nywele. Muse hawajui wala hawataki. Alisema, “Wewe ukienda mimi nitabaki na nani?” Nikaona raha, nikamlipia na ile arubuni ya pauni 50. Hajanirudishia, lakini hilo si la leo.

Alhamisi tarehe 23 Juni 2016 nilitoka shifti saa 2 asubuhi, nikapitia kituo cha kupigia kura, maana ndiyo siku ya ile kura ya Uingereza ibaki Umoja wa Ulaya au itoke, na sisi raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa tulikuwa na haki ya kupiga, kisha tukapanda basi. Waliotangulia Jumatano walikuwa wamekaa kwenye foleni ya magari saa na saa, kwa sababu viwanja vya kuegesha vilikuwa vimegeuka jaruba. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi kabla. Eavis mwenyewe alisema hajawahi kuona tope la namna ile tangu aanze, na huyo ni mtu aliyeona matope ya 1997 na 1998.

Sasa tuongee matope, maana hapa ndipo ninapojua kuliko wengi. Udongo wa kule ni mfinyanzi. Mvua ikiwa inanyesha, tope linakuwa uji. Uji hauna shida, unapita ukichuruzika, unacheka. Hatari ni mvua ikikatika. Jua la saa mbili tatu, watu laki moja na zaidi wanalisonga kwa miguu, na uji unakuwa ugali. Ugali ndio unaovua viatu. Unaweka mguu, unasikia kitu kinakushika kisigino kama mkono wa mtu, unavuta, soksi inakuja na gambuti linabaki. Watu walifundishana haraka: usinyanyue kidole cha mbele kwanza, nyanyua kisigino, zungusha kidogo, hewa iingie, ndipo utoe. Kanyaga walikomwaga maranda na nyasi kavu. Usisimame mahali pamoja.

Magambuti yangu nilinunua kwa bei ya chee wiki moja kabla, namba 5, na mimi navaa 6. Muuzaji alisema yatalegea. Mpira haulegei, mdogo wangu. Gambuti nunua namba moja zaidi, upate nafasi ya soksi mbili. Ukisahau yote haya, shika hilo.

Na vyoo. Wamatumbi wote mnaodhani tumekuja Ulaya kukimbia choo cha shimo, ndugu zangu, wenzetu mwaka ule walilipa pauni 228 kukifuata. Vilikuwa vimepangwa kwa safu, havina paa, shimo refu huko chini, na kila mtu anachuchumaa kwa mashaka. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu pale. Wasichana wa kambi ya jirani nikawafundisha kukunja suruali.

Asubuhi ya Ijumaa niliamshwa na ukimya. Watu wamekaa nje ya mahema, chai mkononi, wanaangalia simu. Kijana wa hema la pili akasema tu, “Tumetoka.” Asilimia 51.9. Waziri Mkuu akatangaza kujiuzulu kabla hatujamaliza kunywa uji. Msichana mmoja alilia mpaka akakalia tope bila kujali. Shoga yangu akaniuliza kama sasa tutafukuzwa. Nikamwambia visa zetu hazikuwa za Ulaya, twende tukale.

Kufikia saa 10 jioni nilikuwa nimeshaingia uwanja wa Piramidi. Nilikuwa mtu wa safu ya nane hivi kutoka kwenye uzio. Naona nyaya. Naona mafundi wanapanga ngoma chini ya turubai. Sikunywa maji ili nisitoke kwenda chooni. Bendi zikapita, wakapanda Foals, ambao ndio waliotangulia Muse, watu wakasukuma na mimi nikapata hatua mbili zaidi. Safu ya sita.

Ndipo simu ikatetemeka. Shoga yangu. Meseji inasema amenasa, hajui hema liko wapi, chaji imebaki kidogo, analia. “Njoo unichukue.”

Nataka uelewe nilichofikiri, kwa sababu ndicho utakachofikiri wewe pia. Sikufikiria Muse. Nilifikiria mama yangu, na nitaambiwa nini nikimwacha mwenzangu gizani ugenini. Nikageuka. Kutoka safu ya sita kwenda nyuma ni kuomba samahani mara mia tatu, na kila unayempita anachukua nafasi yako palepale, kama maji. Nikafika alikoniambia. Hayupo. Napiga, simu imezimwa. Nikazunguka saa nzima, jua la kule Juni linatua saa 3 na nusu usiku kwa hiyo nilikuwa namwona kila mtu vizuri, na hayupo. Kwenye kona moja karibu na mabomba ya maji gambuti la kulia likanaswa. Nikavuta, mguu ukatoka. Nikainama kulitafuta kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, nyuma kundi linasukuma, nikapoteza hata lile tundu lenyewe.

Saa 4 na kitu usiku nikasikia kelele ya watu kutoka upande wa Piramidi, ile kelele ya bendi kupanda. Nilikuwa bado njiani, mguu mmoja na soksi.

Nikaishia nyuma kabisa, kwenye mwinuko. Watu watatu wa maisha yangu walikuwa ukubwa wa njiti za kiberiti. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa pale na mumewe akaniangalia mguu, hakusema kitu, akafungua begi lake, akatoa mfuko wa mkate, akakung'uta makombo, akanipa. Nikauvaa juu ya soksi nikaufunga kwa ncha ya khanga. Hivyo ndivyo nilivyowaona Muse: kushoto gambuti, kulia mfuko wa mkate.

Nisikudanganye, nilikuwa na hasira kiasi kwamba nyimbo mbili za mwanzo sikuzisikia. Halafu nikaona kitu ambacho wa safu ya sita hawakukiona. Watu elfu na elfu wanataka kuruka, na hawawezi, kwa sababu nyayo zimeshikwa. Kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa unaruka magoti tu. Mabega yanapanda yanashuka, miguu imebaki chini, na lile wimbi linaanzia mbele linakuja mpaka kwetu kule juu likiwa limechelewa kidogo. Bellamy akipiga gitaa, watu wanaliimba lile gitaa, maana halina maneno. Nilikuwa naimba gitaa pamoja na watu nisiowajua, miaka 10 baada ya mama kuuliza nani analia. Mwisho Wolstenholme akatoa harmonika, na kila anayewajua Muse anajua harmonika ile inafungua wimbo gani: “Knights of Cydonia”. Nikalia kisawasawa.

Shoga yangu nilimkuta saa 7 usiku kwenye hema la chakula, kakauka, anakula chipsi na watu aliokutana nao. Alikuwa ameokotwa na wasamaria dakika kumi tu baada ya kunitumia meseji. Nikamwonyesha mguu. Akacheka, akasema, “Si ungebaki tu?”

Adele alifunga Jumamosi, Coldplay Jumapili. Walikuwa wazuri.

Sasa swali lako la pili. Usiende nao. Najua ninavyosikika. Najua tulivyolelewa: mwenzako umngoje, mwenzako umfuate, chakula kisiliwe mpaka wote wamekaa. Ni malezi mazuri na sitayakana. Lakini kuna watu wanaitumia heshima yako kama kamba. Hawapendi unachokipenda, wanapenda usikipende bila wao. Wakwambie “tutaenda wote”, na ukifika wakati wako, wa kwako peke yako, uliousubiri miaka kumi, simu itatetemeka. Vijana, jifunzeni kuagana na watu kabla ya saa ya jambo lenu. Agana nao mchana, kwa wema, mkiwa mmeshiba. Mwambie: nikiingia pale, simu nazima, tuonane saa 7 kwenye hema. Akinuna anune. Mimi leo ningezima.

Kama lazima mwende wote, basi wekeni mahali pa kukutania pasipohama, wala si “karibu na lile hema la bluu”, mahema yote ni ya bluu. Kila mtu na pawabenki yake. Beba khanga au kikoi, ni taulo, ni pazia, ni bandeji. Beba mifuko ya mkate, mitatu minne. Soksi za sufu. Magambuti namba moja zaidi, nilishasema, narudia.

Jumamosi asubuhi nilirudi pale kwenye mabomba na kigingi cha hema, nikachokonoa karibu nusu saa. Nikapata gambuti. La kijani, si langu, na la kushoto. Nilizunguka na mawili ya kushoto mpaka mchana, halafu nikanunua mapya humohumo ndani kwa bei ambayo siiandiki kwa sababu mama husoma hapa.

Langu jeusi bado ninalo, liko nyuma ya mlango, lina mkate wa tope la Pilton kwenye soli. Wewe unavaa namba ngapi?