Ukianza na Data za LIGO, Anza na Kelele

Wanafunzi wa fizikia huniuliza mara kwa mara waanzie wapi wanapotaka kuchambua data za mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, na jibu langu huwavunja moyo wengi wao: wasianze na wimbi, waanze na kelele, yaani usumbufu wote unaolifunika wimbi. Data za LIGO, vigunduzi vya Marekani vya mawimbi hayo, zimewekwa mtandaoni na yeyote anaweza kuzipakua bila malipo. Hata hivyo, ukizichora sekunde 32 zinazozunguka tukio la Septemba 14, 2015, la kwanza kuwahi kunaswa, hutaona dalili yoyote ya mashimo meusi mawili yaliyogongana. Utaona mstari unaopanda na kushuka polepole, na wimbi lenyewe limezama humo.

Vigunduzi vya LIGO viko Hanford, katika jimbo la Washington, na Livingston, Louisiana. Kila kimoja kina mikono miwili ya kilomita 4, ambamo mwanga wa leza huenda na kurudi kati ya vioo vya kilo 40. Wimbi lile lilibadilisha urefu wa mkono kwa kiasi kilicho kidogo mara mamia kuliko upana wa protoni, kwa hiyo hata mtetemo hafifu wa ardhi unatosha kulifunika.

Nakushauri uchore kwanza grafu ya nguvu ya kelele katika kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa herzi), kabla hujachuja chochote. Kwenye herzi 60 utakuta mwiba mrefu, nao ni umeme wa gridi ya Marekani. Katika data za Virgo, kigunduzi cha Italia, mwiba huo huhamia herzi 50, jambo ambalo mimi lilinifurahisha kupita kiasi. Karibu na herzi 500 kuna kundi jingine la miiba, linalotokana na nyuzi za kioo zinazovining'iniza vioo, ambazo hutetemeka kama nyuzi za gita. Ukishaitambua miiba hiyo, iondoe, kisha ubakize masafa ya herzi 35 hadi 350. Hapo ndipo wimbi hujitokeza, likidumu takriban sekunde 0.2 huku masafa yake yakipanda kwa kasi.

Wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu wanaikosa hatua yenye uzito kuliko zote. Wimbi lilifika Livingston karibu milisekunde 7 kabla ya Hanford. Basi isogeze grafu ya wimbi ya kigunduzi kimoja kwa kiasi hicho, uigeuze juu chini kwa kuwa vigunduzi hivyo vimeelekezwa tofauti, kisha uziweke pamoja. Zikilingana, utaelewa kwa nini kigunduzi kimoja hakikutosha.

Tukio la nyota za nutroni (mabaki mazito sana ya nyota zilizolipuka) la Agosti 17, 2017 liache kwa baadaye, kwani kelele kali ya ghafla iliingia Livingston sekunde chache tu kabla ya nyota hizo kuungana. Data zake zimetolewa kwa matoleo mawili, lenye kelele hiyo na lililosafishwa. Chambua yote mawili, ukianza na lile chafu.