Vyombo nyuma ya mwimbaji

SWALI: Napenda nyimbo za filamu za Kitamil za miaka ya 1980, ila nasikia mwimbaji tu. Vyombo nitavitambuaje?

JIBU: Kwanza achana na spika ya simu. Inameza besi, na kwa Ilaiyaraaja, mtunzi wa muziki wa filamu za Kitamil aliyeanza na filamu ya Annakili mwaka 1976, besi ndiyo nusu ya utamu. Vaa vipokea sauti vya masikioni.

Chukua "Ilaya Nila" yake ya 1982, aliyoimba S. P. Balasubrahmanyam. Mara ya kwanza fuata gita linalofungua wimbo. Mara ya pili sahau maneno, shika gita la besi: halipigi noti moja na kungoja, linatembea na wimbo wake lenyewe chini ya mwimbaji. Ukilipoteza, rudisha sekunde kumi, usiongeze sauti.

Kisha sikiliza vipande vya vyombo kati ya kiitikio (pallavi) na beti (charanam). Wengi huviruka, kosa kubwa! Mara nyingi kipande cha pili hakirudii cha kwanza. Fidla na filimbi hupewa kazi mpya. Jaribu kukiimba kwa mdomo. Ukikwama, hujakisikia bado.